Habakuki (kitabu)

Kitabu cha Habakuki ni kimojawapo kati ya vitabu 12 vya manabii wadogo katika Biblia. Kina sura 3 na aya 56 tu. Nabii mwenyewe hatambuliki vizuri: baba yake hatajwi, wala mfalme wa zama zake. Kwa kuwa Wakaldayo, yaani watu wa Babeli, wanaelezwa kama taifa linaloinuka, wataalamu wengi hukiweka mwishoni mwa karne ya 7 KK, karibu na mwaka 605, Babeli ilipoishinda Misri huko Karkemishi.

Kazi ya nabii ni kuwasemesha watu kwa niaba ya Mungu. Huyu anamgeukia Mungu mwenyewe na kumlalamikia: dhuluma imejaa Yuda, sheria imelegea, naye analia asisikilizwe. Jibu linakuja, nalo ni zito kuliko swali. Wanaoletwa kuadhibu ni Wakaldayo. Habakuki hanyamazi, anauliza tena inakuwaje mwovu aachwe ammeze aliye afadhali kuliko yeye, kisha anapanda lindoni kungoja. Anaambiwa aandike maono kwenye vibao, na yakikawia ayangoje.

Ndani ya jibu hilo la pili (2:4) limo neno la Kiebrania *emuna*. Paulo aliitumia aya hiyo katika Warumi na Wagalatia, na Martin Luther akaijengea fundisho la kuhesabiwa haki. Baadhi ya tafsiri za Kiswahili husema imani: mwenye haki ataishi kwa imani yake. Hata hivyo *emuna* ni pia uthabiti: katika Kutoka 17:12 inaeleza mikono ya Musa iliyoshikiliwa juu mpaka jua likatua. Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa, maana imani, uaminifu na amana vimetoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, nao ni ndugu wa mzizi wa neno hilo la Kiebrania.

Sura ya 3 ni wimbo, wenye hata maelekezo kwa wapigaji wa vinanda. Mtini, mzabibu, mzeituni, shamba na zizi vyote havina kitu, na mwimbaji anasema atafurahi. Hajaahidiwa mavuno, na aya moja tu kabla ya hapo midomo yake inatetemeka.

Wimbo huo haumo katika ufafanuzi wa Habakuki uliopatikana katika mapango ya Qumran mwaka 1947. Mwandishi wake, aliyewaona Warumi katika nafasi ya Wakaldayo, aliishia sura ya 2. Ngozi ya kuandikia haikumwishia: safu ya mwisho ina mistari michache, na chini yake pameachwa patupu.