Makala ya miti, tindikali na weusi wa udongo

Makala ya miti hayayeyuki katika maji, na hata katika maji makali ya potasi hutoa rangi kidogo tu. Mboji, yaani ule weusi wa udongo mzuri, ina tabia nyingine. Sehemu yake moja, asidi ya humiki, huyeyuka katika potasi na kutoa maji ya rangi ya kahawa. Ukitia tindikali, inajikusanya tena na kutua chini.

Makala yanaweza kugeuzwa yafanane nayo. Katika maabara yanasagwa na kupashwa moto pamoja na asidi ya nitriki. Asidi hiyo huingiza oksijeni katika kaboni, na pembeni mwa kila chembe hutokea sehemu zenye uchachu. Ndizo zinazoshika potasiamu, kalsiamu na magnesiamu, mvua isizipeleke bondeni. Mwaka 2005 watafiti wa Brazil walichapisha kazi ya namna hii juu ya makala ya mikaratusi. Makala yaliyochomwa kwa moto mdogo hugeuka kwa urahisi kuliko yale ya moto mkali.

Brazil wana sababu ya kuuliza swali hili. Kando ya mto Amazon kuna udongo mweusi ambao wenyeji wa kale waliutengeneza kwa makala, mifupa na takataka za jikoni, na mpaka leo unazaa kuliko udongo wa jirani. Hakuna aliyetia tindikali pale. Hewa, maji na vijidudu vilifanya kazi ileile kwa mamia ya miaka.

Ndugu mkulima wa Walungu au Lubero, usijaribu njia ya tindikali nyumbani. Asidi ya nitriki ikikutana na makala hutoa moshi wa rangi ya kahawia. Aliyeuvuta anaweza kujisikia mzima mchana, na usiku akashindwa kupumua. Tindikali ya betri kuukuu nayo ni hatari: ina madini ya risasi, ambayo yatabaki shambani.

Kwetu njia ya polepole ndiyo inayofaa, naona. Chukua vumbi linalobaki chini ya mfuko wa makala, ulichanganye na samadi na mkojo wa ng'ombe, rundo likae na unyevu miezi kadhaa. Vumbi kavu likitiwa peke yake linaweza kunyonya azoti, na mboga zikawa manjano msimu wa kwanza. Vumbi tu, lakini. Mti usikatwe kwa kazi hii, kwa maana mlima uliovuliwa miti hupoteza udongo wenyewe.