Tarikhi ya Ujenzi wa Programu za Sayansi

Mwaka 1976, katika maabara ya Bell nchini Marekani, Steve Johnson, mmoja wa mabingwa wa programu wa zama zile, aliingia ofisini mwa sahibu yake Stuart Feldman akiwa amehamaki, kwani asubuhi nzima ilikuwa imempotea akisaka kosa ndani ya programu isiyokuwa na kosa. Kosa alikwisha kulisahihisha. Lakini faili lenyewe hakulipitisha tena kwenye kompaila, ambayo ndiyo igeuzayo maandishi ya binadamu yakawa amri za mashine, na hivyo kompyuta ikaendelea kutii maneno ya kale ilhali mwenyewe akiyasoma yaliyo mapya.

Kutokana na mashaka hayo Feldman alibuni Make, chombo kisomacho kanuni za faili lipi hutegemea lipi, kikalinganisha saa ambazo kila moja liligeuzwa mara ya mwisho, kisha kikajenga upya yale tu yaliyopitwa. Aliweka sharti kwamba kila mstari wa amri uanze kwa alama ya tabu, wala si kwa nafasi za kawaida. Na alipotambua udhia wa sharti hilo, watumiaji wake walikwisha kutimia kadiri ya dazeni moja, naye hakupenda kuwavurugia kazi, basi likabaki hata leo.

Make ilijua nyakati, lakini haikujua tofauti za mashine. Ndipo mwaka 1991 David MacKenzie alipoanzisha Autoconf, ambayo huihoji kompyuta kwanza, ikitaka kujua ina nini na imekosa nini, kabla ya ujenzi kuanza. Na mnamo mwaka 2000 ikafuata CMake ya kampuni ya Kitware, iliyozaliwa katika mradi wa kuchambua picha za tiba, ambao programu zake zilipaswa kujengeka kwenye Unix na Windows pia.

Hata hivyo, kadhia iliyo kubwa zaidi ilikuwa kwenye kompyuta kuu za utafiti, ambako programu moja huegemea maktaba nyingi, mathalan HDF5 ya kuhifadhi data na MPI ya kupelekeana ujumbe. Chukua kompaila tatu, aina tatu za MPI na matoleo manne ya maktaba moja: tayari una sura 36 za programu ile ile, na kila mtafiti ataka yake. Ili kuitatua kadhia hiyo, Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, kilianzisha EasyBuild mwaka 2009; na mwaka 2013, katika maabara ya taifa ya Lawrence Livermore, California, Todd Gamblin akaanzisha Spack. Humo mtumiaji huandika jina la programu, toleo likitanguliwa na @, kompaila ikitanguliwa na %, na hiari ikitanguliwa na +. Spack huyakamilisha yaliyosalia, kisha huupa kila ujenzi alama yake ya pekee, itokanayo na maelezo yake yote, hata sura mbili zikae pamoja pasipo moja kuifuta nyenzake.

Asidhani msomaji kuwa haya ni mambo ya mafundi peke yao. Katika hesabu za desimali za biti 32, ukijumlisha 100,000,000 na 1, kisha ukatoa 100,000,000, hupata 0, kwa kuwa ile 1 humezwa katika kukadiria. Ukitanguliza kutoa, hupata 1. Nayo kompaila, ikiruhusiwa kukimbiza kazi, yaweza kuubadili mpangilio huo bila ya mwandishi kugusa hata herufi moja, na katika utabiri wa hali ya hewa tofauti ndogo hukua siku baada ya siku.

Kwa hiyo mwanachuoni atangazaye matokeo ya kompyuta, akanyamaza juu ya kompaila, matoleo na hiari alizozitumia, ametoa ushahidi usiokamilika. Na faili la maelezo ya ujenzi lastahili kuhifadhiwa pamoja na matokeo yenyewe, kwa kuwa bila ya hilo hakuna mwingine awezaye kuyahakiki kwa insafu.