Mchumba kwenye Fomu ya Mgeni

Mwalimu alinipigia simu kwake ikiwa saa tano usiku, kwangu London saa tatu. Alikuwa Tanga, kwenye kompyuta ya mdogo wake, anajaza fomu ya viza ya matembezi ya Uingereza, na intaneti ilikuwa inakatika kila akifungua ukurasa mpya.

"Wanauliza wewe ni nani kwangu," akasema. "Niandike nini, bibie?"

Tuna mwaka wa tatu wa uchumba. Posa ilishafika kwa wazee wangu Muheza, mahari yalishazungumzwa, kilichobaki ni mimi kumaliza mkataba wangu wa kazi huku nirudi. Yeye anataka wiki tatu tu, Desemba, shule zikifungwa. Jibu lilikuwa jepesi, si ndiyo? Lakini nilinyamaza. Kila niliyemuuliza kati ya jamaa zetu wa hapa alinipa ushauri uleule: mwambie aandike rafiki. Mmoja akasema binamu. Chochote, ila mchumba usithubutu.

Sababu yao naielewa. Anayeomba viza ya matembezi anatakiwa amshawishi ofisa kwamba muda ukiisha ataondoka. Mke au mume anayeomba kuhamia anatakiwa athibitishe kwamba mapenzi yao ni ya kweli. Mgeni anayekuja kumwona mpenzi wake anatakiwa athibitishe kwamba mapenzi hayohayo hayatamfanya abaki. Yaani penzi lilelile, dirisha la kwanza ni sifa, dirisha la pili ni doa. Nikataka kujua hii shaka ilianzia wapi. Mimi ni mwandishi wa habari, nikikosa usingizi nasoma hukumu za mahakama.

Haikuwa hivyo siku zote. Hadi 1962, mtu wa koloni la Mwingereza au wa nchi ya Jumuiya ya Madola aliingia Uingereza bila kuulizwa anakwenda kwa nani. Sheria ya mwaka ule ndiyo iliyoanza kufunga mlango. Machi 1968 ukafungwa zaidi, kwa haraka ya ajabu, baada ya Wahindi wa Kenya wenye pasipoti za Kiingereza kuanza kukimbilia huko. Bunge lilipitisha sheria kwa siku chache tu, na pasipoti peke yake ikawa haitoshi tena: mwenye pasipoti alitakiwa awe na mzazi au babu mwenye mizizi Uingereza kwenyewe. Kisha ikaja sheria ya 1971. Njia ya kwenda kutafuta kazi ikawa nyembamba, na iliyobaki wazi kidogo ikawa ya familia. Kwa hiyo wapekuzi nao wakahamia huko, kwenye ndoa na uchumba.

Kisa cha Heathrow ndicho kilichoninyima usingizi kabisa. Januari 1979 alishuka pale mwanamke wa Kihindi wa miaka 35, mwalimu, anakuja kuolewa na mchumba wake aliyekuwa akiishi Uingereza. Kanuni za wakati ule zilikuwa na kituko chake: mke alitakiwa apate kibali akiwa bado kwao, na foleni ilikuwa ndefu mno; mchumba anayekuja kufunga ndoa ndani ya miezi mitatu hakuhitaji viza. Ofisa akamtilia shaka kwamba ameshaolewa na anajifanya mchumba ili aruke foleni. Wakamwita daktari, mwanamume, amkague kama ni bikira. Eti bikira ndiye mchumba, asiye bikira ni mke wa mtu. Gazeti la The Guardian lilitoa habari ile Februari, India ikawaka, serikali ikatangaza kuwa ukaguzi wa namna hiyo umekoma. Baadaye nyaraka za serikali zilipofunguliwa ilionekana kwamba hakuwa peke yake.

Nilimsimulia Mwalimu kwenye simu. Akakaa kimya, kisha akasema, "Basi mimi wananitaka taarifa ya benki tu. Nishukuru." Alikuwa anatania, ila nilisikia sauti yake.

Miaka sita baadaye, 1985, kesi ya wanawake watatu ikafika Strasbourg, kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Nargis Abdulaziz alikuwa Mhindi mzaliwa wa Malawi. Arcely Cabales alikuwa mzaliwa wa Ufilipino, ametoka kwao kwenda kufanya kazi ya uuguzi. Sohair Balkandali alizaliwa Misri. Wote walikuwa wanaishi Uingereza kihalali, na wote walikataliwa kuishi huko na waume zao. Mume wa Nargis, nimesoma mara mbili kuhakikisha, aliingia 1979 kama mgeni wa miezi sita. Akachumbia, akaoa, akaomba abaki. Akakataliwa. Nadhani kila ofisa anayesoma leo neno "mchumba" kwenye fomu ya mgeni anamwona yeye, hata kama hajawahi kulisikia jina lake.

Kanuni za 1980 zilisema mwanamume mwenye makazi ya kudumu anaweza kumleta mkewe. Mwanamke aweze kumleta mume ilibidi awe raia, tena aliyezaliwa Uingereza au mwenye mzazi aliyezaliwa huko. Serikali ilijitetea kwamba wanaume wakija wanachukua ajira, wanawake wakija hawachukui sana. (Cabales, muuguzi, sijui alisikilizaje hoja hiyo.) Majaji waliona hoja ni dhaifu, wakahukumu kwamba wanawake wale wamebaguliwa kwa jinsia yao. Ubaguzi wa rangi hawakuuona. Mimi nimeisoma hukumu yote na bado sijui waliukosaje.

Tulishinda, basi? Hapana. Serikali ilipewa njia mbili za kuleta usawa: kuwapa wanawake haki waliyokuwa nayo wanaume, au kuwapunguzia wanaume. Ikachagua ya pili. Mwaka uleule mtihani waliokuwa wanapewa waume ukaanza kuwahusu na wake: thibitisha kwamba lengo kuu la ndoa yako si kuingia Uingereza. Hebu fikiria namna ya kuthibitisha kisichokuwepo. Ukisema unataka kuishi na mwenzako Birmingham, umeshajitia kitanzi, kwa nini msiishi kwenu? Kanuni hiyo ilifutwa Juni 1997, lakini sidhani kama ilifutika kwenye vichwa. Ilihamia kwenye mlango wa mgeni, ikavaa nguo nyingine, ikaitwa nia ya kurudi.

Na kabla hatujawacheka sana Waingereza, tufungue sheria zetu. Kwa Sheria ya Uraia ya Tanzania ya 1995, mgeni mwanamke aliyeolewa na Mtanzania anaweza kuomba uraia kwa ndoa hiyo. Mwanamume mgeni aliyemwoa Mtanzania hana mlango huo. Kenya walilisawazisha kwenye katiba ya 2010. Kwa hiyo Mwalimu angekuwa mtu wa Lunga Lunga badala ya Tanga, mwendo wa basi tu, mimi ndiye ningekuwa Nargis, tena nyumbani kwetu.

Turudi kwenye swali. Kuandika rafiki kungekuwa uongo, na uongo kwenye fomu ile una bei: ukigundulika unaweza kukataliwa kila viza kwa miaka kumi. Kuandika mchumba ni kumpa ofisa sababu kwa mkono wako mwenyewe. Tulibishana hadi saa saba usiku ya kwake. Yeye ndiye aliyemaliza. Akasema amewafundisha watoto historia miaka tisa, hawezi kuanza kuandika ya uongo yake mwenyewe.

Tangu hapo anakusanya sababu za kurudi. Barua ya mkuu wa shule inayosema Januari anahitajika darasani. Hati za mshahara za miezi sita. Barua ya mtendaji wa kijiji cha mama yake, Pangani, kuhusu shamba la minazi. Mtendaji alimuuliza minazi ni mingapi, hakuwa anajua, ikabidi akaihesabu na mama yake jua kali. Hamsini na mitatu. Mama akamuuliza, hawa watu huko kwa mkweo wanataka nazi? Nami nimeandika yangu ya mwaliko, nimeeleza posa, nimeeleza kwamba mkataba wangu unaisha Agosti na kwamba harusi itakuwa Muheza, si London. Nilipoisoma tena niliona nimeandika ukurasa mzima kumhakikishia mtu nisiyemjua kwamba mchumba wangu ataniacha uwanja wa ndege kwa wakati.

Jana alinitumia picha ya bahasha, ameifunga ndani ya mfuko wa nailoni kwa sababu ya mvua. Leo usiku anapanda basi kwenda Dar. Kutoa alama za vidole ni kesho saa tatu asubuhi, na ameambiwa afike mapema.