Penisilini: Kazi Iliyofuata Bahati

Kisa cha penisilini huanzia London, Septemba 1928. Alexander Fleming alirudi kutoka likizo, akakuta ukungu umeota kwenye kisahani chake cha maabara na bakteria waliokuwa karibu nao wameyeyuka. Kisa hicho ni cha kweli, lakini kinaipa bahati sifa isiyo yake. Ukungu ule haukuwa dawa bado. Ulifanywa dawa na watu waliojifunza kuuotesha kwa wingi, kuukamua na kuusafisha, nao ndio wanaostahili kutangulizwa katika historia hii.

Ushahidi uko Oxford, ambako wanasayansi Howard Florey na Ernst Chain waliianza kazi hiyo mwaka 1939. Penisilini iliharibika upesi kila ilipochujwa. Mwenzao, Norman Heatley, ndiye aliyepata njia: majimaji ya ukungu yatiwe asidi yakiwa baridi, dawa ihamie kwenye etha, kisha irudishwe kwenye maji yasiyo na asidi. Kwa kuwa ukungu huota juu ya uso wa maji, alihitaji vyombo vipana visivyo na kina. Akatumia hata vyombo vya haja vya wagonjwa, kisha akachora vya udongo vya umbo hilo, vikafinyangwa. Tarehe 25 Mei 1940 panya wanane waliambukizwa streptokoka. Kulipokucha, wanne waliopewa penisilini walikuwa hai. Wanne wengine wote walikuwa wamekufa. Lakini Februari 1941 askari polisi aliyezidiwa na maambukizi alitibiwa, akapata nafuu, kisha dawa ikaisha. Waliikamua tena hata kutoka kwenye mkojo wake, lakini haikutosha, naye akafariki mwezi uliofuata. Dawa ilishajulikana, kilichopungua ni kiasi.

Mtu atasema bila Fleming pasingekuwa na cha kuotesha. Ni kweli, na ni yeye aliyeuhifadhi ukungu ule. Hata hivyo, zaidi ya miaka kumi ilipita tangu auone, na hakuna mgonjwa aliyepona maambukizi ya damu kwa sababu yake. Mwingine atasema Vita vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyoleta fedha. Navyo vilileta, ila fedha hazioteshi ukungu. Huko Peoria, Marekani, mtafiti Andrew Moyer aliongeza mavuno kwa kutumia maji yaliyolowekewa mahindi kiwandani. Mwaka 1943 tikiti bovu la sokoni likatoa ukungu wenye mazao makubwa zaidi. Na kampuni ya Pfizer, iliyokwisha kuzoea kutengeneza asidi ya sitriki kwa ukungu, ikaotesha penisilini ndani ya matangi makubwa yanayopulizwa hewa. Maarifa hayo yalikuwa ya watu wa uchachushaji, na yalikuwepo kabla ya vita.

Nobel ya 1945 ilikwenda kwa Fleming, Florey na Chain. Heatley alisubiri hadi 1990, Oxford ilipompa udaktari wa heshima. Usahaulifu huo una gharama. Leo, bakteria wanapozidi kuwa sugu, tunashangilia kila kitu kinachoua vijidudu kisahanini, huku tukiwanyima fedha mafundi wa kuotesha, kusafisha na kupima. Nchi inayotaka antibiotiki zake yenyewe ianze kwa kuwasomesha na kuwaajiri watu hao, kwa sababu mgonjwa hatibiwi kwa ugunduzi usiotosha dozi.