Wasomaji Waliitangulia Maktaba: Buha katika Historia ya Huduma za Vitabu Tanzania

Kuna msemo unaorudiwa sana katika warsha za elimu na hata bungeni: ukitaka kumficha Mtanzania jambo, liandike kitabuni. Ukishatamkwa, mjadala wa maktaba hufungwa. Kama watu hawasomi, halmashauri itenge fedha za nini? Nyanda za juu za Kigoma, kuanzia Kasulu hadi Kibondo, Kasanda na Kakonko, ndizo zinazoumizwa zaidi na msemo huo, kwa sababu tangu zamani Buha, nchi hiyo ya Waha, imezoea kutajwa kama nchi ya mbali iliyochelewa kila kitu. Nashikilia kwamba msemo huo ni uzushi. Tatizo la Buha halikuwa kukosa wasomaji. Vitabu vilifika, vikasomwa, kisha vikaacha kuletwa.

Wanaoandika historia ya maktaba nchini huanza na tarehe mbili: mwaka 1963, sheria ilipounda Bodi ya Huduma za Maktaba Tanganyika, na tarehe 9 Desemba 1967, Mwalimu Nyerere alipofungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Tarehe hizo ni sahihi, lakini ukizifuata peke yake utaamini kwamba maktaba ni jengo, na kwamba pasipo na jengo hapana historia. Waandishi hao huipita haraka Sheria Na. 6 ya mwaka 1975, iliyoiunda upya Bodi na kuipa jina la Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Sheria hiyo haikuishia kwenye kuanzisha na kuendesha maktaba. Iliitaka Bodi ishiriki katika kampeni za kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika, na ikuze maandishi ya wananchi wenyewe hata kwa kuwasaidia waandishi kwa fedha. Kwa walioitunga, maktaba na darasa la watu wazima vilikuwa kazi moja.

Kabla ya uhuru habari ni fupi. Wakoloni waliiona Buha kama hazina ya nguvu kazi, na vijana wake wakaandikishwa manamba kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Kusoma kulianzia misheni, kama Kabanga na Heri, kwa katekisimu na vitabu vya nyimbo. Gazeti la serikali la Mambo Leo lilianza mwaka 1923, na Kiongozi la Kanisa Katoliki likaanza kuchapwa Tabora mwaka 1950. Mwaka 1948 iliundwa Idara ya Vitabu ya Afrika Mashariki, ambayo mbali na kuchapisha iliendesha maktaba ya posta na masanduku ya vitabu. Sanduku lilipokelewa na shule au ofisi, vitabu vikaazimwa, kisha likarudishwa na kubadilishwa na jingine. Mpango huo ulikuwa mdogo, lakini ulithibitisha kwamba kitabu kinaweza kumfuata msomaji alipo bila kusubiri jengo.

Kipindi kinachostahili kuangaliwa kwa makini ni kile cha kuanzia mwaka 1970, uliotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1967, takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma wala kuandika. Mradi wa majaribio wa Kisomo chenye Manufaa, uliosaidiwa na UNESCO kuanzia 1968, ulifanyika katika mikoa inayozunguka Ziwa Viktoria. Kigoma haikuwemo. Hata wilaya zilizopewa nafasi ya kwanza kufuta ujinga, kama Mafia na Ukerewe, zilikuwa kwingine. Buha iliingia katika kampeni pamoja na taifa zima, bila upendeleo wowote, na katika wakati mgumu: mwaka 1972 Operesheni Kigoma ilikuwa inawahamisha wananchi kutoka katika kaya zilizotawanyika milimani na kuwaweka katika vijiji vya pamoja.

Wapo wanahistoria wanaokiona kipindi hicho kama cha amri na mateso tu. Nawaelewa. Watu waliacha migomba yao na makaburi ya wazee wao, na si kila mmoja aliondoka kwa hiari. Lakini wanaoishia hapo husahau kilichofuata vijijini humo. Mwalimu wa shule ya msingi aliyefundisha watoto asubuhi alikutana na wazazi wao mchana katika darasa la ngumbaru. Kitabu cha kwanza walichokishika kilihusu pamba, mahindi au afya, kwa sababu kisomo kilifungwa na kazi. Redio Tanzania ilitangaza kozi, na vikundi vikakaa kusikiliza na kusoma kijitabu pamoja. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu takriban milioni mbili nchini katika vikundi kama hivyo. Walisoma habari za malaria, maji na vyoo, kisha wakaenda kufyeka vichaka na kuchimba vyoo. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Msomaji wa aina hii, anayesoma jioni na kutenda kesho yake, ndiye msomaji ambaye maktaba ya leo duniani kote inajisifu kumtafuta.

Ili waliohitimu wasisahau, ziliwekwa maktaba za vijijini. Mara nyingi ilikuwa kabati la vitabu katika chumba cha shule au ofisi ya kijiji, mwalimu akiwa mtunzaji. Humo mlikuwa na vitabu vya kilimo, siasa, ufugaji, hadithi na afya ya uzazi. Wakosoaji husema vitabu hivyo vilikuwa vya serikali na vilifundisha siasa ya chama. Ni kweli kwa sehemu kubwa, na mtu ana haki ya kuwa na shaka navyo. Pia wana hoja wanaotilia shaka takwimu rasmi ya mwaka 1986, kwamba asilimia 90.4 ya watu wazima walijua kusoma, kwa kuwa majaribio yalisimamiwa na walewale waliotaka yafaulu. Hata hivyo, ipunguze takwimu hiyo upendavyo, bado utabaki na mamilioni ya watu waliojifunza wakiwa wazima, wengine wakiwa na wajukuu. Anayesema Mtanzania hapendi kusoma anapaswa kueleza kwanza walitoka wapi.

Kilichoua maktaba za vijijini kinajulikana. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta na uhaba wa fedha za kigeni vilikausha karatasi na usafiri. Wafadhili walipopunguza misaada, makabati hayakupata vitabu vipya. Mwalimu mtunzaji hakulipwa kwa kazi hiyo. Kabati lenye vitabu vilevile kwa miaka kumi humfukuza hata msomaji mwaminifu.

Miaka ya karibuni Buha imeonyesha tena jambo lilelile, safari hii kupitia wakimbizi. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na baada ya mgogoro wa Burundi wa 2015 zikafunguliwa tena Nduta wilayani Kibondo na Mtendeli wilayani Kakonko. Wakongo walisoma kwa mtaala wa kwao, Warundi kwa wa kwao. Mashirika yalileta vitabu, kisha vishikwambi na intaneti. Wenyeji na wageni hao wana mengi ya kusoma pamoja, maana Wakongo wengi wa Nyarugusu wanajua Kiswahili, na Mha na Mrundi wanasikilizana bila mkalimani. Lakini huduma za kambini ziliundwa kwa ajili ya kambi. Mtendeli ilifungwa mwaka 2021.

Sensa ya 2022 iliukuta Mkoa wa Kigoma una watu karibu milioni 2.5, wengi wao wakiwa vijana. Kijana wa Kasanda anahitaji mahali penye meza, taa, vitabu vya kiada, magazeti, kompyuta, na mtu wa kumwelekeza kujaza fomu ya chuo au kutafuta bei ya maharage. Hayo yote yanaweza kuanzia katika chumba kimoja cha ofisi ya kata.

Kwa hiyo nawaomba madiwani wa Kasulu, Kibondo na Kakonko wasisubiri jengo la mamilioni. Historia yetu inaonyesha mambo mawili yanayotosha kuanzia: vitabu vinavyobadilishwa kila baada ya miezi michache, na mtunzaji anayelipwa kwa kazi hiyo. Tengeni fungu la hayo mawili katika bajeti ya mwaka ujao. Wasomaji wapo.