Habari za Eropleni Iitwayo Comet

Wasikilizaji, tarehe 2 Mei, 1952, eropleni iitwayo Comet iliondoka London kwenda Johannesburg, nayo njiani ilitua Entebbe, Uganda. Ndiyo ya kwanza ulimwenguni kuchukua abiria wa nauli kwa nguvu za jeti, bila mapanga ya kuzunguka.

Eropleni hiyo hiyo ndiyo iliyopatwa na msiba. Asubuhi ya tarehe 10 Januari, 1954, iliruka kutoka Rome, Italia. Kabla nusu saa haijapita ilivunjika angani, ikaanguka baharini karibu na kisiwa cha Elba. Wavuvi walikwenda upesi na mashua zao, lakini waliopoa maiti tu. Watu wote 35 walikufa.

Comet zote zikasimamishwa. Mafundi wakazikagua, wakatengeneza kila walichokitilia shaka; lakini sababu yenyewe hawakuijua. Mwezi wa Machi zikaruhusiwa kuruka tena. Tarehe 8 Aprili Comet nyingine ikaondoka Rome kwenda Cairo, nayo ikaanguka baharini, wakafa watu 21. Basi zikakatazwa kabisa.

Sababu ilikuwa nini? Juu sana hewa ni nyepesi, haimtoshi mtu kwa pumzi. Kwa hiyo hewa husukumwa ndani ya eropleni, na ukuta wake hutanuka. Ikishuka, ukuta hunywea. Twaa kipande cha waya, ukikunje na kukikunjua mara nyingi: mwisho kitakatika, ingawa hukutumia nguvu nyingi. Ndivyo madini yachokavyo.

Huko Farnborough, Uingereza, mabingwa walitia Comet nzima katika tangi kubwa, mabawa yakitokeza nje. Wakaijaza maji, wakawa wanayasukuma kwa nguvu na kuyalegeza, kila mara kama safari moja. Walichagua maji kwa sababu hewa ikifumuka hurarua kila kitu, na dalili hupotea. Mwezi wa Juni ukuta ulipasuka, ufa ukianzia kwenye pembe ya tundu la dirisha. Zikihesabiwa safari zake za kweli na za tangini, zilikuwa 3,057. Na katika vipande vilivyoopolewa karibu na Elba, kipande cha paa kilionyesha ufa wa namna ile ile, penye tundu la chombo cha redio.

Comet mpya zikaundwa kwa bati nene zaidi, zikaanza kuchukua abiria mwaka 1958. Na mwaka 1960 shirika la East African Airways likapata za kwake.

Wasikilizaji, wale 35 walikufa kwa ajili ya ufa ambao hakuna aliyeujua. Lakini wale 21 walipanda baada ya onyo kutolewa, na kabla sababu haijapatikana. Mganga asiyeujua ugonjwa, hata akitoa dawa kumi, hajamponya mgonjwa.