Coccinelle ya babu

Volkswagen Coccinelle ilianza kutengenezwa 1938, ya mwisho ikatoka Mexico 2003. Zote zilipita milioni 21. Injini yake iko nyuma, inapozwa na upepo, haina maji ya kuchemka mlimani. Ndiyo maana babu yetu aliichagua, akawa anabeba nayo wagonjwa hapa Uvira.

Vita ya 1996 ikatuvusha Ziwa Tanganyika mpaka kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Kurudi, tulikuta ile gari haina viti wala tairi. Watu wakasema: uzeni vyuma! Tukakataa. Injini inashikwa na bolti 4 tu. Vijana wetu waliozaliwa kambini wameishaishusha, wanajifunzia ufundi. Imebaki breki na tairi. Ikitembea, itabeba wagonjwa tena.